Hatua Nane za Mgiriki

Mwongo hutembea kifua mbele, akidhani kwamba waliokimbia waliangusha kumbukumbu zao njiani. Hawakuziangusha.

Manase aliikimbia Mwakiro, kijiji chao Burundi, wakati wa mauaji ya mwaka wa sabini na mbili akiwa na miaka kumi na mitano, akaotea mvi kambini Tanzania. Aliporudi baada ya miaka thelathini na sita, amani imeshatua, alikuta uwanja aliochezea mpira umejaa mihogo.

"Hapa ni kwa babu yangu," alisema Anatoli, jirani mwenye tumbo na maneno. "Huoni miti hii minne ya mivumu? Ni nguzo za uzio wake, zikachipua. We Mtanzania, rudi kwenu!"

Mkewe, Melania, akaapa mbele ya wazee kuwa ndivyo. Wazee, waliohamia kijijini baadaye, wakampa Manase siku tatu alete shahidi kuwa palikuwa uwanja, la sivyo watoto wa waliorudi na wa waliobaki wakose pa kuchezea pamoja.

Manase akaenda mjini Gitega kumtafuta Stavro Mgiriki. Stavro alisakata mpira kwao Ugiriki enzi za viatu vya misumari. Goti lilipovunjika, akaja kuuza vitenge mji jirani wa Muyinga, na kila Jumapili akawafunza vijana wa Mwakiro kandanda. Sasa alikuwa na miaka themanini na ushei, macho yameingia ukungu.

"Kocha, ni mimi, Manase."

"Wa mguu wa kushoto? Bado unapaisha penalti?"

Siku ya tatu, Manase alipomleta mbele ya kijiji, Anatoli aliangua kicheko. "Muzee kipofu ndiye shahidi?"

Stavro akapapasa mvumu wa kwanza, akahesabu hatua hadi wa pili, kama anayepima upana wa goli. Nane. Akaongozwa ng'ambo ya mihogo. Nane.

"Bahati tu!" Anatoli alifoka, jasho likimtoka.

"Manase, panda," Stavro alisema. "Juu kidogo ya mkono wa mtu mrefu, chonga gome. Nilipigilia msumari wa kushika mti wa juu wa goli."

Utomvu mweupe ukachuruzika. Kisha panga likalia ng'we! Chuma. Wakahamia mti wa pili: ng'we!

Umati ukasongamana kuuona msumari. Melania akadondosha jembe, akamgeukia mumewe.

"Baba Riziki! Ulinilisha kiapo cha uongo, mimi mkeo?"

Mzee mkuu akainama, akang'oa muhogo wa kwanza kwa mkono wake mwenyewe.

Uongo uliotamba miaka thelathini na sita haukuzimaliza hata hatua nane za mzee asiyeona. Ndiyo maana twasema: njia ya mwongo ni fupi.