Maharage ya Siwema

Bwana Mbwambo alikuwa na nyumba ya kupangisha na banda la chipsi mbele yake. Akapiga marufuku wapangaji kupika, ili wote wanunue kwake. Jioni moja harufu ya maharage ya nazi ikamvuta hadi mlangoni kwa mpangaji wake Siwema.

"Zima jiko. Kesho uhame."

"Sawa, baba. Kwani wewe nyumbani unakula chipsi?"

"Mimi? Nakula maharage ya mke wangu. Hayana mpinzani."

"Basi onja haya, unifukuze umeshiba."

Mbwambo akaonja, akaonja tena.

"Mbona haya ni ya mke wangu?"

"Mkeo huja kujaza bakuli lenu hapa kila jioni. Nilimsihi asikwambie, nikijua ipo siku utakuja kunifukuza. Sasa nizime?"

Mbwambo akajikuna kichwa.

"Chochea."