Mikate ya Harusi na Madanzi ya Bi Havijawa

Paukwa!

Pakawa!

Aliyelala na aamshwe, aliyesimama na akae. Paukwa!

Pakawa!

Basi, hapo zamani za kale, kale ya mabibi wa bibi zetu, palikuwa na kijiji kando ya mto. Na katika kijiji hicho palikuwa na mwanamke mzee, jina lake Bi Somoe. Alikuwa kungwi wa mabinti na mpishi wa shughuli zote. Vidole vyake vilikuwa vimepinda kwa uzee, vimepinda kama tangawizi. Na maneno yake yalikuwa machache. Ukimwendea unalia, anakupa nazi ukune. Ukimwendea umekasirika, anakupa kuni upasue. Watu walinung'unika: "Nimefuata shauri, nimerudi na malengelenge!" Walinung'unika, na kesho walirudi.

Sasa sikilizeni yaliyompata Mwanamvua.

Mwanamvua alikuwa binti wa pekee wa Mzee Shomari. Akaposwa na kijana wa ng'ambo ya mto. Mshenga alikuwa Bi Havijawa, jirani yao. Ndiye aliyekwenda na kurudi, akipeleka neno hili na kuleta neno lile. Akasifu huku, akasifu kule, mpaka posa ikakubaliwa na siku ikawekwa.

Kijiji kizima kikaingia kazini. Kila nyumba ikakanda unga wa ngano. Kila nyumba ikatia hamira. Kila nyumba ikaoka mikate, ikaileta kwa Mzee Shomari. Matenga kwa matenga! Mkate wa huyu, mkate wa yule, harufu hadi mtoni.

Siku ikafika. Ngoma, dum-dum, dum-dum. Bibi harusi amekaa ndani, hina mikononi, anasikiliza. Asubuhi ikapita. Jua likasimama kichwani. Jua likainama. Ngoma, dum-dum, zikaanza kuchoka. Ndipo akaja mtu mmoja kwa miguu. Hakukaribia. Hakuketi. Alisimama pembeni mwa ua, akasema:

"Msimngoje. Hatakuja."

Akageuka, akaenda zake.

Ngoma zikanyamaza. Tii! Watu wakatazamana. Kisha mmoja akatafuta viatu vyake. Na mwingine. Na mwingine. Hakuna aliyeaga, maana hakuna aliyejua la kusema. Mikate ikabaki ndani ya matenga, haikuguswa.

Mwanamvua akaingia chumbani, akarudisha mlango. Kesho yake hakutoka. Keshokutwa yake hakutoka. Alilala akiutazama ukuta, akijiuliza swali lile lile. Ni sura yangu? Ni sauti yangu? Alisikia nini kunihusu? Nina ila gani nisiyoijua mimi, na yeye akaijua?

Njia ya kisimani ilipita dirishani kwake. Alizoea kuwatambua wanawake kwa hatua zao tu. Sasa alisikia hatua zinakuja, pwa, pwa, pwa. Zikikaribia nyumba zinasita, kisha zinazunguka nyuma, zinafuata kichochoro. Kila siku hivyo. Zinakuja, zinasita, zinazunguka. Akasema moyoni: wananikimbia kama ukoma.

Na uani palikuwa na sauti nyingine. Shwaa, shwaa. Shwaa, shwaa. Ni baba yake, Mzee Shomari, ananoa panga. Alikuwa amewaambia ndugu zake: Ijumaa tunavuka mto. Hakusema wakivuka watafanya nini. Hakuna aliyehitaji kuuliza.

Mama yake naye akayatazama yale matenga, kila mkate umekauka. Akasema, "Naitupa mtoni. Sitaki kuiona." Akainama kujitwika tenga.

"Hodi!"

Alikuwa Bi Somoe.

"Karibu, Bi. Shikamoo."

"Marahaba. Hilo tenga linakwenda wapi?"

"Mtoni, Bi. Imekuwa mawe."

"Litue," alisema Bi Somoe. "Mkate ukikauka haujafa."

Akapita moja kwa moja hadi mlango wa chumba.

"Mwanamvua, sikuja kukubembeleza. Nina mikate ya kumega na vidole vyangu vinaniuma. Toka unimegee."

Mlango haukufunguka.

"Mwanangu, nimesimama. Na miguu nayo inauma."

Mwanamvua aliyajua maumivu ya vidole vile. Ndivyo vilivyomsinga liwa ya kunukia mwilini kabla ya harusi, taratibu, bila haraka, huku vyenyewe vinatetemeka. Akaona haya kumwacha mzee mlangoni. Akatoka, macho yamevimba, nywele hazijachanwa. Akaketi kwenye mkeka. Akashika mkate wa kwanza.

Kach! Ukavunjika.

Kach! Mwingine.

Alipofika katikati ya tenga la kwanza akaanza kulia. Machozi yakashuka mpaka kwenye mkate. Mama yake akataka kumkimbilia, Bi Somoe akamzuia kwa macho. Hakumwambia binti nyamaza. Hakumwambia Mungu atakupa mwingine. Alisema tu:

"Vidogo zaidi, mwanangu. Vikubwa havinywi hadi ndani."

Kach! Kach! Kach! Mpaka matenga yakaisha.

Bi Somoe akageukia uani.

"Shomari! Panga hilo limeshika makali?"

"Limeshika, Bi," Mzee Shomari akajibu, bila kuinua macho.

"Vizuri. Njoo univunjie nazi."

Sasa, nani angemkatalia Bi Somoe? Alimpokea Mzee Shomari siku aliyozaliwa, akamkata kitovu. Mzee Shomari akaja na panga lake. Kwa! Nazi ikapasuka. Kwa! Nyingine. Mama akakaa juu ya mbuzi akakuna, kwaru-kwaru, kwaru-kwaru. Mwanamvua akatia maji ya uvuguvugu, akakamua kwa kifumbu, tui zito likashuka chururu, chururu, jeupe kama pamba.

Bi Somoe akapiga mayai ndani ya tui. Akatia iliki, akatia sukari guru. Wakapanga vipande vya mkate katika sufuria kubwa iliyopakwa samli. Safu ya mkate, kisha ndizi mbivu zilizokatwa. Safu ya mkate, kisha tende na zabibu kavu zilizokuwa zimewekwa kwa ajili ya wageni. Wakamimina tui polepole. Mwanamvua akataka kufunika.

"Bado," alisema Bi Somoe. "Haujashiba."

Wakangoja. Mkate ukanywa. Wakaongeza tui.

"Sasa, Bi?"

"Bado. Haujashiba."

Wakangoja tena. Mkate ukanywa, ukanywa, mpaka ukibonyeza kwa kidole unajaa tui. Ndipo wakafunika. Mzee Shomari akapewa kazi ya moto, makaa chini na makaa juu ya kifuniko. Mtu mwenye makaa ya kuchunga hawezi kuondoka. Akachuchumaa pale na koleo yake.

Bi Somoe akaonja uji wa sukari guru aliotaka kuufanya rojo. Akakunja uso.

"Tamu tupu. Hii itakinaisha watu. Yataka ukali."

"Ndimu zimekwisha," alisema mama.

"Najua. Mti uliozaa sasa ni mmoja. Ule mdanzi wa Bi Havijawa, wenye machungwa makali."

Jina la mshenga lilikuwa halijatajwa katika nyumba ile tangu siku ile. Mwanamvua akaweka mwiko chini.

"Siendi."

"Haya," alisema Bi Somoe. "Mkate utaliwa hivyo hivyo."

Akaendelea kukoroga. Mwanamvua akakaa. Akasimama. Akakaa. Moyoni mwake lile swali lilikuwa linamkwaruza kama mchanga jichoni. Na katika kijiji kizima mtu mmoja tu ndiye angeweza kulijibu. Akachukua kanga yake, akajitanda, akatoka.

Jua lilikuwa kali. Wanawake waliokuwa njiani wakamwona, wakainamisha vichwa, wakampisha. Alipita kati yao kama anapita msituni.

Mlango wa Bi Havijawa ulikuwa umefungwa mchana kweupe.

"Hodi."

Akabisha tena.

"Hodi. Ni mimi, Mwanamvua."

Komeo likalia. Mlango ukafunguka. Bi Havijawa alikuwa amekonda. Mashavu yameingia ndani, midomo imekauka.

"Umekuja kunitukana," alisema. "Nitukane, mwanangu. Ni haki yako."

"Nimekuja kuomba madanzi."

Bi Havijawa akamtazama kama mtu asiyesikia vizuri.

"Na kuuliza," Mwanamvua akasema. "Ulijua?"

Bi Havijawa akaketi kizingitini. Akasokota ncha ya kanga yake.

"Nilisikia neno. Kwamba ana mwanamke anayempenda kule kwao, na wazee wake hawamtaki. Kwamba hataki mwingine yeyote, walimlazimisha tu. Nikasema ni maneno ya watu, akishaoa atatulia. Nilitaka uolewe kwenye nyumba nzuri. Na nilitaka watu waseme, Havijawa ndiye aliyewaunganisha. Basi nikanyamaza."

Hasira ikampanda Mwanamvua, ikampanda mpaka masikioni. Lakini nyuma ya hasira kulikuwa na kitu kingine, nacho kilimshangaza. Kifua kilikuwa kimefunguka. Kumbe si sura yangu. Kumbe si sauti yangu. Yule mtu hakuniona na kunikataa. Hakuwahi hata kunitazama. Akavuta pumzi ndefu, pumzi ya kwanza kamili tangu ngoma ziliponyamaza.

"Niangulie madanzi," alisema.

Bi Havijawa akachukua upembo, akaangua. Mwanamvua akatandaza kanga chini ya mti. Pu! Danzi. Pu! Danzi. Kanga ilipojaa, Mwanamvua akaifunga fundo.

"Sijakusamehe," alisema.

"Najua," alisema Bi Havijawa.

Mwanamvua akarudi nyumbani. Akamwaga madanzi mbele ya Bi Somoe.

"Nimeyaleta. Lakini sikumsamehe, Bi. Nakwambia mapema usije ukanipongeza bure."

Bi Somoe akachukua danzi moja, akalinusa.

"Mimi nilitaka msamaha? Nilitaka madanzi. Kata."

Wakakata. Wakakamua. Maji ya danzi, makali, yenye uchungu kidogo, yakaingia katika sukari guru iliyoyeyuka. Wakapara maganda membamba, wakatia. Wakatia mdalasini na chembe ya chumvi. Rojo likachemka, bwak, bwak, bwak, likawa zito, likang'aa rangi ya kutu. Bi Somoe akaonja. Safari hii uso haukukunjika.

Mzee Shomari akaondoa makaa, akafunua. Mkate umepanda! Juu kahawia, pembeni umeachana na sufuria, ndizi zimeyeyukia ndani. Harufu ikaruka ukuta, ikaenda kijijini bila kualikwa.

Mwanamvua akamkatia baba yake kipande cha kwanza. Akakimwagia rojo. Akapiga magoti, akampa.

"Baba."

"Naam, mwanangu."

"Nimeambiwa kisa chake. Anampenda mwingine. Mimi sitaki mume wa kuletwa kwa panga. Na sitaki kesho nikapikie matanga yako. Ijumaa usivuke."

Mzee Shomari akala. Alikula polepole, ameinama, na mabega yake yakawa yanatikisika. Alipomaliza alilichukua lile panga, akalifuta maji ya nazi, akalichomeka kwenye makuti ya paa. Akatuma mtu kwa ndugu zake awaambie wasije.

Ndipo Bi Somoe akasema, "Kila nyumba ilileta mkate. Kila nyumba irudishiwe. Na atakayepeleka ni mwenye harusi."

"Harusi gani, Bi?" Mwanamvua akauliza.

"Ile ambayo watu walikukandia unga. Unga ulikuwa wa kweli."

Mwanamvua akajitwika sinia. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mwanamke mmoja mwenye hatua nzito, aliyezunguka kichochoro kila asubuhi. Mwanamke yule alipomwona mlangoni, akatazama chini.

"Mama, mkate wako huu," alisema Mwanamvua.

Yule mwanamke akaonja. Akaonja tena. Kisha kinywa kikiwa bado kimejaa, akaangua kilio.

"Mwanangu, tulidhani hutaki kutuona!"

"Na mimi nilidhani ninyi hamtaki kuniona."

"Tulikosa la kukwambia."

"Mngeniamkia tu."

Mwanamke yule akafuta machozi, akajifunga kibwebwe, akampokea bakuli la rojo. Wakaenda nyumba ya pili wawili. Nyumba ya tatu wakawa watatu. Wakaenda, wakaenda, kila nyumba inatoa mtu, mpaka wakawa kundi linalojaza njia, na mmoja wao akathubutu kucheka, na Mwanamvua akacheka naye.

Ikabaki nyumba moja. Wote walijua ni ipi. Bi Havijawa naye alioka mkate kwa ajili ya harusi ile, mkubwa kuliko yote. Wanawake wakasimama, wakamtazama Mwanamvua.

Mwanamvua akatwaa sahani ya mwisho. Akaijaza. Akatia rojo, akaongeza. Akawaambia, "Ningojeni hapa." Akaenda peke yake.

Bi Havijawa alifungua kabla ya kupigiwa hodi. Mwanamvua akamwekea sahani mikononi.

"Kula," alisema. "Umekonda."

Akageuka, akawarudia wenzake.

Je, alimsamehe? Wako wanaosema alimsamehe masika yaliyofuata. Wako wanaosema ilichukua miaka. Mimi sikuambiwa, na sitawatungia. Nilichoambiwa ni kwamba tangu siku ile mlango wa Bi Havijawa haukufungwa tena mchana.

Wasikilizaji wangu, mwenzenu akifikwa na jambo, msimpishe njia kwa kukosa la kusema. Mwamkieni. Hata salamu ni tonge.

Hadithi yangu imefika ukingoni. Mimi naishia hapa, sufuria ni tupu, atakayekwangua ukoko na akwangue.