Kasha Jeupe la Dal-su

Kuchagua ni busara, nani asiyejua hilo? Lakini kuchagua kusikokuwa na mwisho hugeuka ugonjwa, na mgonjwa wake hasa ni mtu mwoga. Eom Dal-su, mkazi wa mtaa wa Changsin mjini Seoul, alikuwa mwoga. Hakuogopa mbwa wala wezi. Aliogopa kukosea.

Mwaka huo alikuwa na sababu ya kuogopa. Mke wake, Maeng Hye-ok, aliyeandika michezo ya redio tangu ujana wake, alikuwa akipoteza macho. Ugonjwa ulianzia pembeni na kuelekea katikati, kama mtu anayefunga mapazia ya dirisha taratibu. Daktari alisema giza lingetimia kabla baridi haijaisha. Hye-ok hakulia. Alirudi nyumbani, akachemsha chai ya shayiri, akasema kwamba ana mchezo mmoja ambao haujaisha. Alitaka kuumaliza, kisha ausome kwa macho yake mwenyewe, mwanzo hadi mwisho. Kingine hakutaka.

Wiki ya kutia kabichi chumvi kwa ajili ya kimchi, achari ya kuliwa majira ya baridi, Hye-ok alipapasa meza asiione ncha yake, na kibodi chake kikaanguka sakafuni. Kilikuwa kibodi cha zamani, chenye swichi zilizolia "ta!" chini ya kila kidole, na kwa mlio huo alijua kwamba herufi imeingia hata kama haioni. Binti yao Bo-ram, aliyeishi Daegu, alimtumia kibodi kipya, bapa na kimya. Hye-ok alikijaribu, akaandika maneno yasiyo na kichwa wala miguu, akakisukuma kando.

"Ni kama kuongea na mtu asiyeitikia," alisema.

Dal-su alikifungua kibodi kilichoanguka. Kasha lilikuwa limepasuka, na ubao wa saketi ndani yake ulikuwa vipande viwili. Swichi zote zilikuwa hai. Ilibaki kuzihamisha: atafute kibodi kingine cha zamani cha aina ileile, ang'oe swichi zake zilizokufa, kisha alehemu za Hye-ok mahali pake. Kazi yenyewe haikumshinda, kwani alikuwa fundi wa simu kabla ya kustaafu, na kufufua vibodi vikuukuu ndiyo starehe iliyomtoa usingizini kila asubuhi. Kilichomtia hofu ni umri wa swichi zile. Plastiki yake ilikuwa imechoka. Moto wa kwanza wa kulehemu zingeuvumilia, wa pili Mungu ndiye ajuaye. Tena, vibodi vya aina ile havina bamba la chuma. Ubao huegemea nguzo ndogo za plastiki za kasha lenyewe. Nguzo zikiwa dhaifu, ubao hupasuka. Ilimbidi apate kasha zima, na alipate mara moja.

Alikwenda kwenye jengo la Sewoon, kwenye kibanda cha Bi Tak, mwanamke aliyekaribia uzee, aliyeuza vikorokoro vya kompyuta vilivyokufa zamani. Dal-su alimweleza habari za mkewe, kisha akasema:

"Dada, nataka kasha zima kabisa."

"Wazima wako wapi siku hizi, bosi? Hata mimi goti moja halinisikii." Bi Tak aliinama chini ya meza, akatoa kibodi cha manjano. "Chukua hiki. Rangi imeharibika, lakini mifupa ipo."

Dal-su alikifungua. Alizibonyeza nguzo kwa dole gumba moja baada ya nyingine, akagonga, akasikiliza. Zilikuwa imara kama meno ya kijana. Moyo wake ukasema, chukua. Kisha woga ukamnong'oneza: je, kama kuna ufa usioonekana? Na rangi ile! Kibodi cha Hye-ok kilipokuwa kipya kilikuwa cheupe kama wali. Macho yake yalikuwa yamebakiwa na vitu vichache vya kutazama. Kimojawapo kiwe hiki, chenye rangi ya jino la mvuta tumbaku?

"Ni cha manjano mno," alisema.

"Kimekaa dirishani miaka thelathini. Ukianikwa wewe miaka thelathini utatoka na rangi gani?"

"Nitafikiri, nitarudi."

"Fikiri, bosi. Ila macho ya mama huyo hayatakusubiri ufikiri."

Maneno hayo yalimfuata hadi nyumbani, lakini hayakumrudisha. Hye-ok alikuwa ameketi mbele ya kompyuta, uso umeikaribia skrini kama mtu anayenusa mchuzi.

"Umepata, Baba Bo-ram?"

"Kipo kimoja. Sijakiamini."

"Kina nini?"

"Ni cha manjano."

"Ni hilo tu? Manjano si ndui. Kilete."

"Mama Bo-ram, swichi zako nitazitia motoni mara moja tu. Nikikosea, zimekwenda. Ngoja nitafute kisicho na ila."

Hye-ok aliirudia skrini yake. Alimjua mumewe. Siku ya harusi yao alibadilisha tai mpaka wazazi wa bibi harusi wakadhani ameghairi.

Dal-su akaingia mtindo wa kuchagua. Bi Tak alimtolea kibodi cha pili. Kilikuwa kizuri, ila kona moja ilikwaruzwa, akakikataa. Akamtolea cha tatu, kilichotoka katika chumba cha kukodisha kompyuta, kimeungua kwa sigara na kimepoteza mguu mmoja. Hicho Dal-su hakukigusa hata kwa kidole.

"Bosi, unatafuta kasha au unatafuta mkwe?" Bi Tak aliuliza.

Dal-su alicheka kwa mdomo tu. Kila asubuhi aliamka na woga mpya: labda nguzo, labda ubao, labda mkono wake mwenyewe utatetemeka. Na kila asubuhi Hye-ok aliisogelea skrini zaidi. Theluji ya kwanza ilipoanguka, alikuwa akiuliza, "Taa imewashwa?" hali taa ilikuwa imewashwa.

Ndipo Dal-su alipoona picha kwenye mtandao wa wapenzi wa vibodi. Kibodi cha aina ileile. Cheupe pepe! Alimpigia simu Bi Tak, sauti ikimruka.

"Kibodi cha umri huo kikiwa cheupe, kiulize kimeoga wapi," alijibu Bi Tak. "Kuna watu wanavipaka dawa ya kupausha nywele, kisha wanavianika juani. Weupe unarudi, nguvu hairudi. Kifungue kabla hujalipa. Umenisikia?"

"Nimesikia, dada."

Muuzaji, kijana aliyejifunika koti nene hadi kidevuni, alikutana naye nje ya kituo cha treni. Dal-su alikipokea kibodi kwa mikono miwili. Kilimetameta. Bisibisi ilikuwa mfukoni mwake.

"Mzee, fanya uamuzi basi," kijana alisema huku akitazama simu yake. "Kuna mwenzako ananiandikia hapa, anakitaka hata bila kukiona."

Hofu ikamshika Dal-su. Kama angekikosa hiki? Kama yule mwingine alikuwa tayari kwenye ngazi za kituo? Mtu aliyekikagua kibodi cha manjano cha Sewoon hadi nguzo ya mwisho akamlipa yule kijana bila kulegeza skrubu hata moja.

Kesho yake asubuhi alikifungua, mara akasikia harufu ya dawa ya saluni. Alijiambia ni sabuni. Mtu ambaye ameshachoka kuogopa hujidanganya haraka. Akawasha chuma cha kulehemu, akaanza kuhamisha. Mkono haukutetemeka. Swichi moja baada ya nyingine ilikaa mahali pake, na kila alipoibonyeza ililia "ta!" Katika chumba cha pili Hye-ok alisikia, akapiga makofi kama mtoto.

"Hizo ndizo! Hizo ndizo zenyewe!"

Dal-su alifunga kasha, akaanza kupachika vibonye vya herufi. Kimoja kilikuwa kigumu kidogo. Alikisukuma kwa kidole gumba, kama alivyokwishafanya mara elfu, na chini yake kitu kikalia, lakini si "ta". Kililia kama biskuti iliyokanyagwa. Nguzo zilikuwa zimevunjika vipande vyeupe vyepesi, na ubao, ulipokosa pa kuegemea, ulipinda ukapasuka katikati.

"Kuna nini?" Hye-ok aliuliza kutoka chumba cha pili.

Dal-su alinyakua koti, akatoka mbio.

Alipofika Sewoon, hakuwa amefunga hata vifungo vya koti. Bi Tak alimtazama mara moja akaelewa.

"Kile cha manjano?" Dal-su aliuliza.

"Alikichukua mwanafunzi wa Busan. Alikibonyeza, akafurahi, akaondoka."

"Na kile chenye mkwaruzo?"

"Kimekwenda pia." Bi Tak akavuta kiti, akamkalisha. Hakumtania. "Kimebaki cha sigara. Nimetafuta kwa wenzangu wote, hakuna kingine. Nguzo mbili zimelegea, nitakuonyesha pa kutia gundi."

Moto wa pili ulikuwa mrefu na wa kuogofya. Dal-su alilehemu huku akiomba kwa midomo, na bado swichi nyingine zilitoka zimekufa, nyingine zikatoka na mlio mzito wa mtu mwenye mafua. Za upande wa tarakimu alizihamishia kwenye herufi, na palipobaki tupu aliacha tupu. Gundi ya nguzo ilichelewa kukauka, na siku nazo zikaenda. Alipokiweka kibodi mezani hatimaye, barafu katika mapipa ya maji kwenye paa la jirani ilikuwa imeanza kuyeyuka.

Hye-ok aliketi. Uso wake ulielekea dirishani, si kwenye kibodi.

"Ni cha rangi gani?" aliuliza.

Dal-su alielewa swali hilo maana yake nini. Alitamani kudanganya, ulimi ukakataa.

"Manjano. Na kimeungua kwa sigara."

"Kibaya kuliko kile cha kwanza?"

"Kibaya kuliko cha kwanza."

Hye-ok alipapasa vibonye, akapata mahali pa vidole vyake. "Cha kwanza ningekiona," alisema, bila uchungu, na hilo ndilo lililomchoma mumewe zaidi.

Aliandika kwa siku kadhaa, akisimama kila swichi mbovu ilipommezea herufi, akirudia, mpaka mchezo ukaisha. Kisha alijisogeza kando, akampisha mumewe kwenye kiti chake mbele ya skrini.

"Nisomee, Baba Bo-ram. Mwanzo hadi mwisho."

Dal-su alisoma. Sauti ilimkatika tangu ukurasa wa kwanza, wala hakuwa na la kuogopa tena, maana alichokiogopa kilikuwa kimeketi kando yake, kimefumba macho, kikimsikiliza. Ama kweli, mchagua nazi hupata koroma.