Jini Aliyefundishwa Kushona

Wewe uliyekaa hapo umeshiba, nijibu bila kuzungukazunguka: kofia hiyo kichwani mwako aliishona nani, na leo huyo mtu amekula nini?

Hujui. Basi sikiliza.

Alikuwapo Sultani Tawakali bin Nadhiri, mtawala wa Rasi Hariri, ambaye washairi wa kasri walimwita Jua la Mashariki na Kivuli cha Mafakiri na Bahari ya Ukarimu, na kwa kuwa walilipwa kwa kila jina, majina hayakuwa na mwisho. Mji wake haukuwa na dhahabu wala lulu, bali ulikuwa na wanawake mia nne wenye sindano, waliotoboa vitundu katika kitambaa cheupe na kuvizungushia uzi wa hariri, kitundu baada ya kitundu, mpaka likatokea ua au mwezi au mkia wa tausi, na kofia moja ilikula miezi mitatu ya maisha ya mtu, na wafalme wa nchi saba waliingoja zamu yao kwa adabu.

Wanawake hao walikuwa na nyumba yao ya shauri iliyoitwa Ukumbi wa Sindano, na mkuu wake alikuwa Bi Nunu binti Faki, mjane wa miaka sitini na kitu. Kila ukoo ulikuwa na nakshi yake, na hakuna aliyethubutu kushona nakshi ya mwenzake bila kwenda kubisha hodi na sahani ya halua na kuomba. Lakini Bi Nunu alizijua zote arobaini, kwa sababu aliyewafunza wote ni yeye. Mji mzima ulimsifu kwa uadilifu wake. Paa la nyumba yake lilikuwa linavuja. Mambo hayo mawili yalikaa pamoja miaka mingi bila kugombana.

Ikatokea Tajiri Ghalibu, muuza hariri, akanunua mnadani sanduku la shaba la marehemu asiye na mrithi, na alipoivunja lakiri yake likatoka jini lenye urefu wa mnara na vidole elfu moja, likainama mpaka paji la uso likagusa vumbi, likasema, "Labeka, bwana wangu. Mimi ni Zaharumi, mtumwa wa mwenye sanduku. Amuru."

"Nishonee kofia," akasema Tajiri, ambaye hakuwa mtu wa kupoteza wakati.

"Bwana wangu, nina vidole elfu na sijui kushona hata kifungo. Sisi hatubuni. Nionyeshe mkono wa mwanadamu unaofanya kazi hiyo, tangu kitundu cha kwanza hadi cha mwisho, nami nitaifanya milele bila kulala. Bila mkono huo mimi ni upepo tu, na fedha zako zimepotea."

Basi asubuhi ile ile Tajiri Ghalibu akapiga hodi kwa Bi Nunu, amevaa joho na amejifukiza udi, na nyuma yake jini limejifupisha likawa na kimo cha mtumishi wa kawaida.

"Karibu, Tajiri," akasema Bi Nunu. "Kaa pale, hapa panavuja."

"Ewe mama wa washonaji, pambo la mji wetu, hazina ya—"

"Tajiri, mimi si Sultani. Sema ulilojia."

Akalisema. Kisha akasema, "Nitajie unachotaka. Chochote. Nitakiandika mbele ya kadhi na kukipiga muhuri."

Jini likakohoa nyuma ya mlango. "Bibi, samahani kwa kuingilia. Fikiri kabla ya kutaja. Leo bwana wangu anakuhitaji wewe kuliko utakavyomhitaji yeye kesho. Neno lolote utakalosema leo litapata muhuri. Kesho halitapata."

"Nani kakuuliza?" akafoka Tajiri.

Bi Nunu akaweka birika la kahawa motoni, akalingoja mpaka likachemka. Kisha akataja nyumba ya mawe yenye ghorofa, na chakula na mavazi mpaka siku ya kufa kwake, na siri.

"Basi?" likauliza jini.

"Basi," akasema Bi Nunu.

Na Tajiri akaandika haraka hata wino ukamrukia kwenye kanzu.

Siku arobaini, tangu jua kupanda mpaka alasiri, Bi Nunu alikwenda ghalani kwa Tajiri na kulifunza jini, nakshi moja kwa siku, kwenye kipande kidogo cha kitambaa. Sasa elewa kwamba katika Rasi Hariri mwanafunzi hukaa ubavuni mwa mwalimu, bega kwa bega, ili mkono wake wa kulia ufuate mkono wa kulia wa mwalimu. Lakini Bi Nunu alisema hawezi kukaa bega kwa bega na kiumbe cha moto asiye maharimu wake, watu watasemaje, na akalikalisha mbele yake, upande wa pili wa mkeka. Nalo likaiga lilichokiona, kama mtu anavyojiona katika kioo, na kila uzi uliopaswa kuzungukia kulia ukazungukia kushoto. Bi Nunu aliliona jambo hilo siku ya tatu, akajiambia nani atachungulia kitundu, akaendelea.

Alipohamia nyumba ya mawe alisema amemrithi mjomba aliyefia nchi za mbali. Wenzake wakamletea ubani na mchele wakampongeza, wala hakuna aliyeuliza jina la mjomba.

Kisha ajabu ikaanza. Jini lilitoa kofia mia nne kabla ya watu kunywa chai, zote safi, na bei yake ilikuwa ya mkate na kipande cha samaki, na mchukuzi wa magunia akatembea sokoni amevaa kofia kama ya kadhi, na kadhi akaudhika, na watu wakacheka wakafurahi. Hata wanawake wa Ukumbi walifurahi siku mbili tatu, kwa sababu kazi nzuri ni kazi nzuri, na jicho la fundi halijui kununa.

Sultani akafanya baraza akatamka: "Enyi raia wetu watiifu, neema imeshuka! Mama zetu waliopofuka kwa sindano sasa watapumzika, na kila nyumba itakula matunda ya mikono isiyochoka. Asiyefurahi ana husuda." Na kwa kuthibitisha furaha yake akamwoza Tajiri Ghalibu binti yake, na harusi ikachukua siku saba, na ng'ombe sabini wakachinjwa, na kila mgeni akapewa kofia. Hekaya zenye adabu huishia hapo, bwana na bibi wakakaa raha mustarehe. Hii yangu haina adabu hiyo.

Kwa kweli wanawake walipumzika. Walipumzika kwanza kushona, kisha wakapumzika kununua nyama, kisha kununua mafuta ya taa, na mwaka wa pili wakauza milango ya nakshi waliyoachiwa na mabibi zao na kuziba uwazi kwa makuti. Tajiri akawaonea huruma akawaajiri mia moja kutia kofia wanga na kuzipiga pasi kwa bakuli la wali kwa siku, na jini likawatazama likijifunza, na baada ya wiki mbili likajua na hiyo. Na vidole vya washonaji vilipokwisha kukakamaa na wasichana wakaacha kujifunza, bei ya kofia ikapanda polepole mpaka ikafika ilipokuwa zamani, ikapita. Mchukuzi akarudi kutembea kichwa wazi.

Wakaenda kwa Sultani. Akawaambia wawe na subira, na mkwewe aliyekaa pembeni akaitikia kwa kichwa.

Wakaenda ghalani wakalipigia jini kelele dirishani. "Wewe kiumbe, unatuua!"

"Mabibi zangu," likasema, na vidole vyake havikusimama, "mimi sili. Tangu nifike mji huu sijaonja hata tende moja. Chakula mlichokosa hakikuingia tumboni mwangu. Kifuateni kilikoingia."

"Nani alikufunza?"

"Hilo nimefungwa ulimi."

Wanawake wakainua macho kutazama kasri, na pale mlangoni walikuwapo askari arobaini wenye mikuki. Macho yakashuka. Mtu mwenye njaa na hasira hutafuta wa kumfikia kwa mkono. Mmoja wao akaokota kofia ya jini iliyoanguka, akachungulia kitundu, akapiga kelele: "Jamani! Uzi umezungukia kushoto!"

Na katika mji mzima mshonaji wa mkono wa kushoto alikuwa mmoja tu, Mishi binti Kombo, mwenye ulimi mkali na mama mgonjwa, ambaye utotoni Bi Nunu mwenyewe alimkalisha upande wa pili wa mkeka, kwa kuwa wa kushoto hufundishwa hivyo.

Adhabu ya kutoa nakshi za Ukumbi ilikuwa kuvunjiwa sindano. Usicheke. Aliyevunjiwa sindano hapigiwi hodi tena, si kwa harusi wala kwa msiba. Na mama yake Mishi alikuwa kitandani siku hiyo akihesabu pumzi zake za mwisho, na akifa hakuna mkono ambao ungekuja kumwosha wala bega la kulibeba jeneza lake. Na anayevunja sindano ni mkuu wa Ukumbi.

Wakakusanyika saa nne asubuhi, wamekonda wote isipokuwa mmoja. Mishi akasimama katikati.

"Unakiri?" wakamuuliza.

"Nikiri nini? Ningekuwa nimelifunza mimi, ningevaa kanga hii yenye dirisha mgongoni? Angalieni miguu yangu. Tajiri alinilipa nini, nyufa?"

"Uzi ni wako, Mishi!"

"Uzi ni wa kushoto, shoga. Na shetani naye hula kwa mkono wa kushoto, mbona hamjamwita hapa?"

Wengine wakacheka, kisha wakakumbuka wana njaa, wakaacha.

Wakampa Bi Nunu sindano. Akaishika. Ilikuwa nyembamba, imeliwa katikati na kidole cha Mishi kwa miaka ishirini, na alijua ingevunjika bila nguvu. Akafikiria nyumba ya mawe, na ghorofa yake, na sauti ya mvua inayopiga juu ya paa isiingie. Akijinyamazia tu, hakuna atakayejua. Hati ya kadhi imefungwa, jini limefungwa ulimi, na Tajiri hana faida ya kusema. Na Mishi akivunjiwa, mji utatulia, na hakuna atakayemtafuta mwingine.

"Vunja, Bi Nunu," akasema Mishi, na sasa sauti yake haikuwa na mzaha. "Usinichoshe. Mama yangu yuko peke yake nyumbani. Kama atakufa bila watu, walau nimkute hai nimwombe radhi."

Bi Nunu akaisogeza sindano kwenye vidole viwili. Mtu mmoja nyuma akasema, "Malizeni basi, jua linapanda."

"Si Mishi," akasema Bi Nunu.

"Umesema?"

"Si Mishi. Ni mimi." Akaiweka sindano katika kiganja cha Mishi na kukifunga. "Nimelifunza jini mimi, siku arobaini, nakshi zenu zote arobaini. Hakuna mjomba. Na msije mkasema kesho kwamba mama wa watu alidanganywa, maana naona mmeshaanza kunitafutia udhuru. Sikudanganywa. Tajiri aliniambia nitaje chochote, na jini likaniasa nifikiri, nami nikafikiri. Niliwafikiria ninyi. Niliwapitia kwa majina, mlango kwa mlango, tangu kwa Mwanamvua pale kisimani mpaka kwako, Mishi, na mama yako, na nikajua kwamba nikiwaombea fungu wote atalitia muhuri, kwa kuwa siku ile hakuwa na budi. Ila langu lingekuwa dogo."

Akawatazama.

"Sikuwasahau. Niliwakumbuka wote mia nne. Kisha nikasema basi."