Sanduku Tupu

Kuna watu ambao wakiona wengi wamekusanyika kujadili jambo, wao huona kelele tu. Watakwambia kwamba mtu mmoja anayejua ni bora kuliko mia wanaouliza, na kwamba ukingoja kila mwenye mdomo aseme, utazeeka umekaa. Mimi sibishani nao. Nitawasimulia yaliyompata Mwalimu, kisha kila mtu ajipimie mwenyewe kama penye wengi neno huharibika au huokoka.

Mwalimu alifundisha kompyuta katika chuo kidogo cha ufundi, ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi. Darasa lake lilikuwa na kompyuta kumi na moja, na tisa kati ya hizo zilikuwa zinawaka. Alikuwa mwanamke hodari, mwepesi wa kuelewa na mwepesi zaidi wa kukasirika, na wanafunzi wake walimpenda hivyo hivyo alivyo. Lugha ya kompyuta aliyoifundisha iliitwa Ususi. Ilikuwa lugha huria, yaani haikuwa mali ya kampuni wala ya tajiri yeyote. Kila mtu aliruhusiwa kuisoma ndani nje, kuitumia bure, na kupendekeza ibadilishwe. Mapendekezo yote yalijadiliwa hadharani, kwa maandishi, kwenye jukwaa moja la mtandaoni.

Ususi ilikuwa na tabia moja iliyomkera Mwalimu. Ndani ya programu, kila namba hukaa mahali pake panapoitwa sanduku. Ukiiambia Ususi ijumlishe masanduku kumi, na moja kati ya hayo halina kitu, haiendelei. Husimama palepale na kuandika: "Sanduku ni tupu. Nimesimama." Wala haisemi ni sanduku lipi. Wanafunzi waliyaona maneno hayo mara ishirini kwa siku. Mmoja wao, mama wa watoto watatu aliyeacha kazi ya kushona ili ajifunze kazi mpya, siku moja aliinamia kibodi akalia kwa kwikwi. Alisema huenda kichwa chake hakikuumbiwa mambo haya. Machozi yale yalimchoma Mwalimu kuliko alivyoonyesha.

Akaandika pendekezo: sanduku tupu lihesabiwe kuwa sifuri, programu iendelee na safari yake. Badiliko lenyewe lilikuwa mistari sita tu. Lakini kila pendekezo la Ususi lilikuwa na fomu, na mwisho wa fomu palikuwa na swali ambalo halikuruhusiwa kuachwa wazi: "Nani ataumia?" Wengi walilijaza kama watu wanavyojaza fomu, macho yakiwa kwingine. Mwalimu aliandika neno moja: "Hakuna."

Pendekezo likapokewa kwa mikono miwili. Walimu wenzake walisema lilikuwa limechelewa mno. Wasomaji waliokubali jambo walikuwa na desturi ya kuliwekea alama ya dole gumba, na kufikia siku ya tisa madole gumba yalikuwa mia tatu na kumi na mawili. Mwalimu akavimba kichwa, nasi tusimlaumu sana, maana hata mimi ningevimba. Mumewe, fundi wa majokofu, alimtania mezani.

"Mke wangu siku hizi anatunga lugha. Angalia usije ukafuta neno 'chakula', nami nina njaa."

"Kula ukae kimya," alijibu Mwalimu, huku akicheka.

Mtunza lugha, yaani yule mwenye idhini ya kufunga mjadala na kuliingiza pendekezo, alikuwa mama mtu mzima aliyefahamika kwa jina la utani la Bi Kufuli. Walimwita hivyo kwa kuwa ufunguo ulikuwa kwake, na kuutoa ilikuwa kazi. Kanuni yake ilikuwa moja: mjadala haufungwi wakati kuna mtu ametia neno na hajajibiwa, awe nani awaye. Siku hiyo ya tisa ilikuwa Jumatano, na toleo jipya la Ususi lilikuwa litoke kesho yake. Pendekezo likikosa toleo hilo, lingengoja nusu mwaka. Mwalimu aliwaza darasa jingine zima la kulia juu ya kibodi, akaona haiwezekani.

Asubuhi hiyo ndipo Kidole Kimoja alipoandika. Huyu alikuwa mtu wa siku nyingi jukwaani, na hakuna aliyemjua sura. Aliandika kwa simu, bila herufi kubwa wala nukta, ndiyo maana wakambandika jina hilo. Aliandika hivi:

"samahani wakubwa naomba msiguse sanduku tupu huku kwetu ndilo linaloita muuguzi"

Mwalimu alisoma akakunja uso. Akajibu papo hapo: "Ndugu, huu ni mjadala wa lugha, si wa wauguzi. Jifunze kwanza kuweka nukta, ndipo uje utufundishe." Watu kadhaa wakacheka. Ulimi hauna mfupa, na vidole vya mwenye hasira navyo havina. Kisha akampigia simu Bi Kufuli.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo, ila nina haraka. Naomba ufunge mjadala. Waliokubali ni mia tatu na ushee. Anayepinga ni mmoja, na hata hajaeleza anapinga nini."

"Basi mwulize akueleze."

"Mama, toleo linatoka kesho. Nikimfuata kila mwenye simu tutafika lini? Penye wengi pana mengi."

"Yapo mengi, kweli," alisema Bi Kufuli bila kupandisha sauti. "Lakini dole gumba si jibu. Mtu ametia neno, akajibiwa kijembe. Mpigie. Akikupotezea muda, niambie, nitafunga mwenyewe leo hii."

Mwalimu akamwomba Kidole Kimoja namba yake, akampigia kwa simu ya picha huku amesimama kwenye ngazi za chuo, maneno makali akiwa ameyapanga tayari. Aliyetokea kwenye kioo alikuwa mwanamume wa makamo aliyevaa koti la buluu, koleo ndogo ikiwa imechomoza mfukoni.

"Samahani, Mwalimu, nasema taratibu. Watoto wamelala," alisema. "Mimi ni fundi wa mitambo hapa hospitalini. Naandika kwa kidole kimoja kwa sababu mkono wa pili huwa umeshika kitu."

Akageuza simu. Mwalimu akaona chumba chenye mashine za joto kumi na nne, na ndani ya kila moja mtoto njiti, aliyezaliwa kabla ya miezi yake kutimia. Kila mtoto alibandikwa waya mwembamba tumboni. Waya ule, fundi alieleza, ndio unaopima joto la mtoto. Mashine zilikuwa za zamani na programu zake zilikufa siku nyingi, hivyo aliziandikia mpya kwa Ususi, kidogo kidogo, mwaka mzima.

Akiwa bado anaeleza, kengele ikalia. Muuguzi akaja, akafungua kidirisha cha mashine ya tano, akaubandika tena waya uliokuwa umebanduka.

"Huyu ni bondia," alisema muuguzi, akaondoka.

"Umeona?" fundi akauliza. "Amepiga teke, waya umetoka, kipimo hakikufika. Sanduku likawa tupu. Programu ikasimama, na ikisimama tu, kengele inalia. Sasa njoo nikuonyeshe hiyo mistari yako sita."

Alimpeleka stoo, kwenye mashine ya akiba. Ndani yake, badala ya mtoto, alikuwa amelaza chupa ya maji yenye kipimajoto cha pembeni. Mistari sita ya Mwalimu alikuwa ameiweka tangu asubuhi. Akauchomoa waya. Hapakulia chochote.

"Kengele iko wapi?" Mwalimu aliuliza.

"Kengele ya nini? Kwa mashine, kila kitu ni sawa. Imesoma sifuri. Inadhani mtoto ameganda, basi inampasha joto."

Walitazama kipimajoto cha chupa pamoja. Thelathini na saba. Thelathini na tisa. Baada ya muda, arobaini na moja. Fundi akazima mashine. Mwalimu alikuwa ameshika tama, na yale maneno makali aliyoyapanga hakuyakumbuka hata moja.

"Mashine zako huchukua toleo jipya lini?"

"Zenyewe, likitoka tu. Za hapa ningezizuia leo. Lakini programu hii niliwagawia mafundi wa hospitali nyingine, nao wakawagawia wenzao. Sijui ziko ngapi."

"Na pendekezo bado halijaingia," alisema Mwalimu. Alijua, lakini alitaka kulisikia likitoka kwa mtu mwingine.

"Halijaingia. Mjadala haujafungwa."

Akakaa kwenye ngazi. "Afadhali," alisema. "Afadhali, ndugu yangu. Afadhali." Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Roho yake, iliyokuwa juu tangu ile namba ya arobaini na moja, ikarudi mahali pake. Mteja wa duka la rangi alipita na ndoo yake akampa pole, akidhani amefiwa.

"Nisamehe kwa ile ya nukta," alisema Mwalimu.

"Mbona ni kweli, siziweki," alisema fundi, akacheka kwa sauti ya chini.

Mwalimu akarudi jukwaani akaeleza yote, na kijembe chake hakukificha. Penye fomu alilifuta neno "Hakuna", akaandika: "Watoto njiti, na sijui ni wangapi." Kisha akaomba pendekezo liondolewe.

Hapo ndipo yule mama aliyekuwa mshonaji alipoandika jukwaani kwa mara ya kwanza maishani mwake: "Mwalimu, mimi sikulia kwa sababu ilisimama. Cherehani nayo uzi ukikatika husimama, lakini uzi unauona ulipokatikia. Hii haikuniambia sanduku lipi."

Watu wakalitazama neno lile kama ufunguo uliokuwa mfukoni siku zote. Mmoja akaandika mistari ya kutaja namba ya sanduku. Wa pili akakuta kosa ndani yake, wa tatu akalirekebisha, na Kidole Kimoja akaijaribu kwenye chupa yake ya maji. Bi Kufuli aliahirisha toleo hadi Jumatatu, akisema toleo halifi kwa kukawia siku nne. Likatoka. Jumanne darasani kompyuta ya mshonaji iliandika: "Sanduku la saba ni tupu. Nimesimama." Alilitazama, akalijaza, akaendelea na kazi bila hata kuinua kichwa.

Fomu ya pendekezo hilo jipya ipo hadi leo, na kwenye swali la mwisho Mwalimu ameandika: "Tumemwuliza kila mtu, hadi Kidole Kimoja. Hakuna." Chini yake pana jibu fupi: "asante." Lina nukta, na Mwalimu hulionyesha kwa kila darasa jipya huku akicheka. Siku hizi mtu akimwambia kwamba waliomo jukwaani ni wengi mno, humsimulia habari ya chupa ya maji iliyofika arobaini na moja, na kengele iliyobaki ikilia kwa sababu ya mtu mmoja kati ya mia tatu. Kweli, penye wengi hapaharibiki neno.