Beseni la Filister

Wanawake wa ploti ya mabati nyuma ya soko la Migori walijua kusoma mawingu kuliko redio. Mwaka ule wa mvua za Elnino, wa kwanza kuyaona aligonga kifuniko cha sufuria, na wote wakatoka mbio kama siafu kuanua nguo za kila nyumba, hata za aliyekwenda sokoni. Hiyo ndiyo iliyokuwa desturi yao.

Lakini tangu Filister ajifungue, walimwona amebadilika. Alipita bombani bila salamu. Nywele zake zilikuwa kama kiota. Mtoto akilia, yeye alitazama ukuta.

"Nyar Sori anaringa," alisema jirani yake, Kezia, akimwita Filister kwa Kijaluo, binti wa Sori. "Kwa sababu mume anachimba dhahabu Osiri, sisi tumekuwa takataka?"

"Obee! Jana nilimpelekea uji, hata kikombe hakugusa," jirani mwingine, Bosibori, akadakia. "Mvua ikija, nguo zake tuziache zilowe. Atajifunza kusalimu watu."

Wakagonganisha viganja, wakacheka.

Alhamisi mchana anga liligeuka jeusi kama chungu. Kifuniko kikalia. Nguo zikaanuliwa kufumba na kufumbua, isipokuwa za Filister: nepi kwenye kamba, na chini yake beseni lililofunikwa leso. Bosibori aliliruka beseni hilo huku akicheka. Mvua ikamwagika.

Mara kilio kikatoka ndani ya beseni.

Kezia aliganda mlangoni, nguo zikamponyoka. "Yawa! Ni mtoto!"

Alikimbia matopeni, akaitupa leso kando. Mtoto alikuwa amelowa chepechepe, midomo imekuwa ya kijivu, maji yakikaribia masikio. Kezia alimkumbatia kifuani, akamsugua mgongo mpaka akalia tena kwa nguvu.

Filister alikuwa amesimama mlangoni pake, macho makavu.

"Nyar Sori, umefanya nini?" Kezia aliuliza.

"Kuna sauti inaniambia nimtupe chooni," Filister alijibu polepole. "Nimeiogopa mikono yangu. Nikamweka pamoja na nguo. Nilijua mvua ikija, nyinyi huanua kila kitu."

 Bosibori alimwendea Filister, akamfunika shuka mabegani.

Walimpeleka hospitalini mvua ikiwa bado inanyesha, Kezia amembeba mtoto, Bosibori amemshika mama mkono. Muuguzi aliwauliza kama Filister alikuwa amekataa chakula, kama alinyamaza, kama alimwacha mtoto alie. Kila swali walijibu, "Ndiyo."

"Huu ni ugonjwa wa akili unaowapata baadhi ya wanawake wakishajifungua," akawaambia. "Hajalogwa. Tutamtibu, atapona. Lakini ninyi mliyaona yote hayo, mkafikiri ni nini?"

"Maringo," Kezia alijibu, akimvuta mtoto karibu na kifua.

Wao waliosoma kila wingu la Migori walikuwa wameyaona mawingu ya Filister yakitanda mlangoni pao, wakayacheka. Hakika, dalili ya mvua ni mawingu.