Paa Aliyeitwa Majina Matatu

Wallahi, wabillahi, watallahi! Nasema kwa sauti ili na walioko jikoni wasikie: haya yote ni kweli tupu, na nikizidisha hata neno moja, ulimi wangu ukauke kama kiatu cha mgambo. Sogeeni watoto, lakini msinikalie miguuni. Leo nimechoka. Nimetembea mwendo ambao punda wawili wangefia njiani.

Basi. Huko nyuma sana, wakati wanyama bado wana nyumba zao, majiko yao na mashemeji zao, moto ulilipuka porini. Si moto huu wenu wa kuchomea mahindi. Moto ule uliunguza msitu, ukaunguza mawe, mwisho ukauunguza moshi wake wenyewe. Ulipozimika, watoto wamejaa porini hawana baba wala mama.

Mama Kanga akawaokota. Ndege mwenyewe si mkubwa kuliko sufuria, lakini aliwajengea banda chini ya majabali, akawalaza wote chini ya mbawa zake: mtoto wa ngiri, mtoto wa swala, hata mtoto wa nungunungu aliyekuwa akimchoma akijigeuza. Kuwalaza aliweza. Kuwalisha hakuweza.

Kwa hiyo akamtafuta Pimbi awe mpiga ngoma wake. Pimbi mnamjua, yule mdogo wa kwenye mawe, asiye na mkia. Kazi yake ilikuwa kuzunguka kwa wakubwa wa pori. Ndu ndu ndu! Yatima wana njaa, leteni! Wakubwa wakaleta, tena kwa moyo. Mzee Masinde, yaani Tembo, alileta matawi. Bibi Tunu, yaani Kiboko, alileta majani mabichi ya mtoni. Bwana Kitwana, huyo ni Nyati, alileta nyasi na maboga ambayo hakusema ameyatoa shamba la nani.

Pimbi anapokea, anasema "asanteni wafadhili wetu," anageuka. Asanteni hiyo hiyo kwa wote, kama maji ya kunawa. Kesho yake ndu ndu ndu tena. Leteni. Hakuna aliyewaambia wakubwa wale kama mtoto wa ngiri ameanza kutembea, au kama kikohozi cha swala kimepona. Walichosikia ni leteni tu.

Wakachoka. Na wewe ungechoka. Ikafika mahali Tembo akisikia ngoma anajificha nyuma ya kichaka cha mchicha, Tembo mzima, tako liko nje kama mlima, anasema moyoni hajaonekana. Nyati anaanza kukohoa na kujifunika blanketi. Kiboko, chubwi, anazama.

Pimbi akarudi mikono mitupu, mara hii, na mara iliyofuata. Ngozi ya ngoma ikachanika kwa kupigwa. Mwenyewe miguu imevimba, anajikokota kama mgonjwa.

Akamkuta Mama Kanga amekaa nje, na pembeni yake amekaa Fisi, miguu imekunjwa vizuri, sauti imejaa huruma. Fisi alikuwa anasema kwamba haya mambo ni mazito kwa mwanamke mmoja, na yeye kama jirani yuko tayari kuwachukua watoto wote. Nyumba anayo. Nafasi anayo. Akasema "nafasi" huku anameza mate.

Alipoondoka, Mama Kanga hakulia. Alikuwa amechoka hata kulia.

"Mwanangu," akamwambia Pimbi, "jiko halijawashwa tangu juzi. Mwezi mpya ukiandama hatujapata kitu, nitawatoa. Afadhali wafe wameshiba kwa watu kuliko wanifie hapa mikononi."

"Kwa Fisi, mama?"

"Kuna mwingine aliyebisha hodi?"

Pimbi akaingia bandani akawatazama watoto. Na hapo, jamani, ndipo akili ilipomjia. Mimi ninayewaambia nina akili kuliko wilaya nzima, lakini ile hata mimi ingenichukua siku mbili.

Kwetu sisi, mtoto akipewa jina lako, huyo ni somo wako. Akilala njaa, watu wanasema fulani kalala njaa, na huyo fulani ni wewe. Pimbi akawauliza watoto nani yuko tayari kupewa jina jipya. Wakakataa wote. Jina ndilo kitu pekee walichobaki nacho kutoka kwa mama zao, nani alitoe? Isipokuwa paa mdogo mmoja, mwenye miguu kama vijiti vya kiberiti. Huyo mama yake aliungua kabla ya kumpa jina. Alikuwa akiitwa "wewe".

Pimbi akaiacha ngoma nyumbani. Akaenda mtoni. Kiboko kumwona, chubwi. Pimbi akakaa ukingoni, kimya, mpaka pua zikatoka.

"Sina kitu," pua zikasema.

"Sijaomba, bibi."

"Sasa umefuata nini?"

"Nimeleta habari. Umepata somo. Kuna mtoto pale kwetu anaitwa Tunu."

Kichwa kikatoka chote, maji yanachuruzika.

"Tunu? Kama mimi?"

"Kama wewe. Haya, mimi naondoka."

"Ebu ngoja we mtoto. Anakula vizuri?"

"Bibi, hayo yaache. Hayakuhusu."

"Hayanihusu vipi, na jina ni langu?"

Pimbi akajifanya anasita. Akasema bibi aje mwenyewe amwone, lakini aje siku za mawingu, maana mtoto jua linamsumbua. Kisha akaenda kwa Tembo na habari ile ile, mtoto yule yule, ila sasa anaitwa Masinde, na siku za kumwona ni za jua kali. Nyati naye akaambiwa Kitwana wake anaonekana siku za upepo.

Mungu wangu, mngeona. Kiboko alikuja amebeba majani mgongoni mpaka haonekani, ni majani yanatembea yenyewe. Tembo akaleta msitu. Paa akikataa kula peke yake, basi wanapewa wote. Na hawakuleta tu wakaondoka. Tembo alikaa akimfundisha paa kuvunja matawi, paa anavunja kitawi kimoja, kacha, Tembo anaangua kicheko mpaka ndege wanahama. Kiboko alimfundisha kuzama, nusura amuue. Nyati alikuwa halali, analinda mlango. Na kwa kukaakaa pale wakajua nani anakohoa, nani anaota vibaya, nani hapendi majani ya mbaazi. Mwezi mpya ukaandama, ukakomaa, Mama Kanga hata hakuuangalia. Alikuwa amelala, usingizi wake wa kwanza tangu ule moto.

Aliyekosa usingizi ni Fisi. Akachunguza, akajua. Akaenda kwa wale wakubwa mmoja mmoja, akawaambia waje wote pamoja, siku isiyo na mawingu wala upepo wala jua kali, wajionee.

Wakaja. Wakasimama uani wakitazamana.

Tembo akaita, "Masinde."

Paa akatoka mbio, kwa furaha, akamfikia miguuni.

Kiboko akaita taratibu, "Tunu."

Paa akageuka, akaenda.

"Kitwana," akasema Nyati.

Paa akaenda na kwa Nyati. Wakamwita tena, na tena, kila mmoja anataka ajue ni wake, na mtoto anakimbia huku na huku, hataki kumnyima mtu. Mpaka pu, akaanguka katikati yao. Ulimi nje.

Pimbi alikuwa ameshapanda jabalini, ameingia ufani, yaonekana pua tu.

"Pimbi," Tembo akasema. Sauti haikuwa ya hasira. Ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Umetufanya wajinga."

"Nimewafanya, mzee," Pimbi akajibu kutoka ufani. "Niliwapigia ngoma mpaka ikachanika, mkajificha. Na mimi sikuwalaumu. Ngoma ile hata mimi ilinichosha. Sikujua njia nyingine ya kuwaleta mpaka mlangoni."

Fisi akakohoa kidogo. Akasema basi kama ni hivyo mtoto huyu si wa mtu, na hawa wengine pia, na yeye hana kinyongo, anaweza kuanza kuwabeba sasa hivi.

Kiboko alikuwa ameshajiinamisha juu ya paa, tumbo linagusa vumbi.

"Mwanangu," akasema, "tuambie wewe. Jina lako hasa ni lipi?"

Paa akawatazama wote watatu. Akahema. Akasema, "La yule atakayekuja kesho."

Sijui kama mmeelewa. Mimi niliposikia maneno hayo mara ya kwanza nilishindwa kula, na mimi hula ugali wa watu sita.

Wale wakubwa wakatazama chini. Hakuna aliyeweza kuwa wa kwanza kuondoka, maana anayeondoka ndiye ambaye kesho jina lake halitaitwa. Nyati akajilaza mlangoni, pale pale. Tembo akajiegemeza kwenye jabali, Kiboko akakaa uani. Fisi akasubiri, akasubiri, akasema atapita wakati mwingine. Mama Kanga akatoka, akawaona wamejaa uani, akauliza nani ana njaa.

Asubuhi yake Masinde akaitwa, Tunu akaitwa, Kitwana akaitwa, na mtoto akaitika yote.

Fundisho ni moja: ukitaka mtu asichoke kukusaidia, usimfanye ghala, mpe wa kwake wa kumjali kati ya hao unaowaombea.

Haya, nendeni mkalale. Na nawaomba, jamani, hili msimsimulie mtu yeyote, hata mama zenu. Paa yule ni mkubwa sasa, ana watoto, na kwa utoto aliokuwa nao hajui bado kwamba siku ile walijua wamedanganywa. Yeye anadhani walikuja kucheza.